Waya Mweusi wa Korido

Mwanaume ukishakuwa na familia kuna vyeo unapewa bila usaili. Panya akiingia jikoni, wewe. Gesi ikiisha ugali ukiwa nusu, wewe. Umeme ukianza mambo yake, wewe, hata kama shuleni fizikia uliiona kwa dirishani wenzako wakifundishwa. Mimi nilichukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Niamshe saa nane za usiku uniulize Vita vya Majimaji vilianza lini, nitakujibu 1905 na kugeukia ukutani. Lakini waya? Mimi na waya tunasalimiana kwa mbali.

Sasa Jumamosi iliyopita mwanangu Zawadi alipita koridoni anakimbia, kanga ya mama yake kaifunga shingoni, yeye ni ndege. Kanga ikanasa kwenye swichi. Na hiyo swichi, tangu tumehamia hapa Tabata Kimanga, inashikiliwa na skrubu moja; ya pili, fundi aliyeletwa na mwenye nyumba alisema anaifuata dukani mara moja, na hiyo mara moja sasa ni mwaka wa tatu. Skrubu ikang'oka, swichi ikatoka ukutani ikaning'inia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikachungulia ndani. Nyaya zimeingia mahali pake, zimebanwa, zimetulia. Isipokuwa mmoja. Mweusi. Kichwa wazi, shaba inang'aa, haukushika chochote, umekaa tu ndani ya boksi kama mtu msibani ambaye kila ukoo unadhani ni ndugu wa ukoo wa pili.

Na taa ya korido inawaka. Ya kibarazani inawaka. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Kitu kikikatika na kazi ikasimama, hilo naelewa, ndiyo maisha. Kitu kimekatika na kila kitu kinaendelea kama kawaida, huo ni uchawi au ni umeme.

Tena asubuhi hiyo sikuwa na nafasi ya kupokea tatizo jipya, nilikuwa na langu la zamani. Bafuni kwetu giza, wiki ya pili. Taa iliungua, nikanunua nyingine kwa Mangi, shilingi elfu tatu, haikuwaka. Nikairudisha. Mangi akaichomeka kwenye ile holda yake ya kujaribia juu ya kaunta, kukawa kweupe pee. Nikamwambia hiyo holda yako imezoeana na bidhaa zako. Akanibadilishia kwa shingo upande. Ya pili nayo, kwangu giza; kwa Mangi, kweupe pee. Hapo nilisema maneno. Niliyasema mbele ya wateja, mmoja kashika sukari ya robo yake anasikiliza kwa utulivu kabisa, kwamba duka hili linauza taa za kuwaka dukani tu, ukivuka barabara zinasahau kazi. Akanibadilishia tena, safari hii hata hakunitazama. Ya tatu nikaifunga, haikuwaka, nikaiacha hukohuko juu na nikaapa sinunui kwa Mangi hata kiberiti. Tukawa tunaoga kwa tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la miswaki.

Kwa hiyo mtu ana vita na Mangi, halafu anatokewa na waya.

Mama Zawadi alikuja, akaiangalia swichi, akaniangalia mimi. "Baba Zawadi, ita fundi."

Fundi wa mtaa huu anataka elfu kumi ya kuja kuangalia. Kuangalia! Na mimi si naangalia? Nimeangalia bure tangu saa mbili asubuhi. Nikamwambia mke wangu hii ni kazi ndogo. Akaniambia mama yake anaingia jioni kutoka Muheza, na asingependa akute ukuta wetu umetoa utumbo nje.

Nyumba za kupanga huku kwetu hazina siri. Dakika kumi hazijaisha, korido ilikuwa na watu kama ofisi ya serikali ya mtaa siku ya barua.

Wa kwanza alikuwa mzee wa nyumba ya pili, mstaafu wa bandarini. Nilimpa shikamoo, akaipokea huku jicho liko kwenye boksi. "Marahaba. Mwanangu, hapo hakuna cha kufikiri. Nyekundu ni moto, unaleta umeme; nyeusi ni nyutro, unaurudisha. Mwingereza alipanga hivyo na meli zikawaka."

Kijana wa bodaboda, ambaye alikuja kwa ajili ya abiria mwingine kabisa, akavua helmeti. "Shikamoo mzee. Ila hizo rangi zilishabadilishwa. Siku hizi moto ni kahawia, nyutro ni bluu. Mwingereza mwenyewe kaziacha."

Na kijana alikuwa sahihi. Uingereza walibadilisha rangi za nyaya za majumbani mwaka 2004, wakapeana miaka miwili ya kuzoea, 2006 zile za zamani zikafungiwa milango. Mzee aliumia sana. Alisimama pale koridoni kama mtu aliyeambiwa bandari imehamia Dodoma. "Wamebadilisha bila kutuambia?" Walichokubaliana wote wawili ni kwamba kijani chenye mstari wa njano ni ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, haina ubishi, na hiyo ndiyo rangi pekee ambayo ndani ya boksi langu haikuwepo.

Niliwahesabia kilichokuwepo. Swichi ni ya vibonyezo viwili, kimoja cha korido, kingine cha kibaraza. Kuna nyekundu mrefu unaotoka darini. Kuna kipande kifupi chekundu kinachovuka kutoka kibonyezo hiki kwenda kile. Kuna wa njano. Kuna mweusi mmoja uliobanwa vizuri. Halafu huyu mweusi mzururaji. Nyeusi, nyekundu, njano: aliyejenga nyumba hii hakumfuata Mwingereza wa zamani wala wa sasa, alifuata bendera ya Ujerumani. Nikasema hivyo kwa sauti, hakuna aliyecheka. Historia haithaminiwi nchi hii.

Nikampigia mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Kuna waya hapa kwenye swichi haujashika mahali."

"Marahaba baba. Huo ulikuwepo."

"Ulikuwepo unafanya nini, mama?"

"Ulikuwepo tu. Wapangaji wote waliopita wameukuta na hawajawahi kulalamika. Ninyi mmezidi kuchunguza. Halafu baba, mwisho wa mwezi huu usisahau tuna kodi ya miezi sita."

Ndiyo faida ya kumpigia mwenye nyumba: unapiga una tatizo moja, unakata una mawili.

Kijana wa bodaboda akashauri testa. Nikapanda daladala mpaka Kariakoo, nikashuka upande wa Gerezani, kule ambako ukisimama sekunde mbili bila kutembea mtu anakuuliza unatafuta nini bosi na anakushika mkono kabla hujajua unatafuta nini. Testa elfu mbili. Solotepu nyeusi elfu moja, kwa sababu muuzaji aliniambia huwezi kununua testa peke yake, ni kama kununua chai bila sukari. Maji ya kunywa, jua kali. Nauli kwenda, nauli kurudi, na bodaboda kutoka kituoni kwa sababu miguu iligoma. Sikujumlisha. Mtu ukishakataa kutoa elfu kumi ya fundi hutakiwi kujumlisha.

Testa mnaifahamu: bisibisi ya plastiki ya kupitisha mwanga, ndani ina kataa kadogo ka neoni. Unagusisha ncha kwenye waya, unaweka kidole kwenye chuma cha juu, waya ukiwa na moto kataa kanawaka. Nilifurahi mpaka nilipomuuliza muuzaji kataa kanawakaje wakati hakuna waya wa pili. Akasema, "Wa pili ni wewe bosi." Yaani umeme unaingia kwenye ncha, unakutana na kizuizi cha karibu oum milioni moja, unawasha kataa, halafu unapitia kwangu mimi kwenda ardhini. "Ni kidogo mno, hutausikia." Mtu wa HKL unaambiwa volti 230 zimesimama mlangoni, kinachowazuia msijuane ni kitu kimoja kidogo ndani ya kalamu ya elfu mbili. Nilivaa kandambili mbili mbili.

Nikapima. Nyekundu: inawaka, haina aibu. Wa njano: ukibonyeza korido unawaka, ukizima unazima. Mweusi uliobanwa: vilevile, ila kwa kibonyezo cha kibaraza. Mpaka hapo najiona mhandisi. Nikafika kwa mzururaji. Kataa kakawaka... kidogo. Siyo kuwaka, siyo kuzima. Kwekundu kwa mbali, kama jiko la mkaa asubuhi. Nikaondoa, nikarudisha. Vilevile. Swali langu lilikuwa moja tu, una moto au huna, na waya ulinijibu kama mdeni: "Kidogo upo, tuonane wiki ijayo."

Nikakaa kwenye stuli nikaanza kuwaza mambo makubwa, kama mtu anavyofanya akishindwa madogo. Kule Rufiji, Bwawa la Nyerere, nchi imefunga mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Zidisha mwenyewe, 2,115. Umeme unatoka huko, unavuka pori na tembo wanautazama, unapanda nguzo za chuma, unafika Dar, unapita foleni ya Tabata bila kusimama, unaingia kwenye LUKU yangu kwa tarakimu 20 nilizobonyeza mwenyewe nikakosea mara mbili, unapanda darini, unashuka ukutani, halafu unafika koridoni kwangu na kukwama sentimita moja kabla ya skrubu. Sentimita moja! Si bora ungebaki Rufiji na viboko.

Saa kumi jioni Mama Zawadi akatangaza kwamba mama yake ameshuka stendi ya Magufuli na yuko kwenye gari la kuja. Muda wa kuwaza ukawa umeisha. Nikazima meni swichi, hilo sikufanya mzaha nalo, nikamweka Zawadi alinde asipite mtu wa kuiwasha. Nikafuata dini ya mzee wa bandarini: mweusi aende kwa mweusi mwenzake. Nikalegeza skrubu ya ule mweusi mwingine, nikamsogezea ndugu yake, nikawabana wote wawili pamoja. Nikairudisha swichi ukutani kwa skrubu ileile moja, nikapiga solotepu pembeni kufidia ya pili. Nikasema Bismillah, nikainua meni.

Kimya. Hakuna mlipuko, hakuna moshi, friji likaanza kuguna kama kawaida yake. Korido inawaka, kibaraza kinawaka. Mzee alinipa mkono. Kijana wa bodaboda, ambaye abiria wake alishaondoka na mwingine, alisema, "Braza, una kipaji."

Mama mkwe akaingia jioni na kiroba cha machungwa, tukampokea. Giza lilipoanza nikawasha taa ya kibarazani. Punde nikasikia mke wangu anaita kutoka ndani: "Baba Zawadi! Bafuni kumewaka!"

Nikaenda. Kweli. Ile balbu ya tatu ya Mangi, niliyoiacha juu kwa hasira siku nne zilizopita, inawaka nyeupe pee. Mtu mwenye akili timamu hapo angejiuliza. Mimi nilitikisa kichwa nikasema, "Unaona balbu za Mangi? Mpaka zijisikie."

Saa tatu usiku mama mkwe akaenda kuoga. Mimi nilikuwa kibarazani napigana na mbu, nikaona niingie ndani. Na baba mwenye nyumba, akiingia ndani, anazima taa ya nje. Uniti zenyewe zinahesabika. Nikabonyeza.

Kutoka bafuni: "Lahaula!" Na ndoo ikaanguka.

Sasa kuna mambo mkwe huwezi kuyafanya. Huwezi kwenda kugonga mlango wa bafu lenye mama mkwe. Huwezi hata kusogea upande huo. Nikasimama palepale nikapaza sauti kwa heshima zote: "Poleni mama! Wamekata!"

Mke wangu akatoka chumbani. "Wamekata nini, na hapo ulipo kunawaka?"

Nikatazama juu. Taa ya korido ilikuwa inanimulika utosini. Nikasema nitoke nje niangalie kama majirani wana umeme, na kwa sababu nje ni giza nikawasha kibaraza. Bafuni kukawaka. "Umerudi mama!" nikatangaza, kama niliyekuwa nikiongea na mitambo. Majirani wote walikuwa na umeme, wametulia na tamthilia zao. Nikarudi ndani, nikazima kibaraza.

"Lahaula!"

Nikawasha, nitoke tena nikahakikishe. Nikarudi. Nikazima. Safari hii hakupiga kelele. Ilitoka sauti ya taratibu, ya mtu mzima mwenye sabuni machoni: "Baba Zawadi, mwanangu, kama hamkutaka nije mngesema tu kwenye simu."

Aliyeokoa ukoo ni Zawadi, miaka sita, alitakiwa awe amelala. Akasimama mlangoni na kanga yake ya kurukia akasema, "Baba, ukizima ya nje bibi anapiga kelele." Nikamwambia aende kulala. Mama yake akamwambia arudie. Akarudia. Mke wangu akasogea kwenye swichi, akawasha kibaraza, akaniondoa mkono wangu ukutani kama unavyomwondoa mtoto kwenye jiko, akakaa hapo mlinzi mpaka mama yake alipomaliza kuoga.

Jumapili saa mbili asubuhi fundi alikuwepo. Ile elfu kumi hakutoa mke wangu wala sikutoa mimi. Mama mkwe alifungua pindo la kanga, akaihesabu noti kwa noti mbele yangu, akamkabidhi fundi, akaniambia, "Kula chungwa, baba."

Fundi mwenyewe kijana mdogo, kasoma VETA, hana maneno mengi. Nilitegemea aanze na waya. Hakuugusa. Aliuliza tu, "Kabla hamjaunganisha huu, kuna kitu chochote humu ndani kilikuwa hakiwaki?"

Nikajibu haraka, "Hakuna. Vyote vilikuwa vinawaka."

Mke wangu akasema, "Bafuni. Wiki mbili."

"Hiyo ilikuwa balbu ya Mangi!" nikasema.

Fundi alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuipokea kutoka kwa mtu niliyemzidi miaka kumi na tano. Akazima meni, akautoa ule mweusi mahali nilipoufunga, akaenda kufungua swichi ya bafuni iliyo nje ya mlango. Akatoa mita yake, akaunga waya mrefu kutoka huku mpaka kule. Mita ikalia piii. Akagusa nyingine, kimya. Akarudia ule mweusi, piii. Basi, imeisha hiyo, dakika tatu.

Akanieleza, na nawaeleza kama nilivyoelewa. Moto unatoka darini kwa ule nyekundu, unaingia kibonyezo cha kwanza, unavuka kwa kile kipande kifupi kwenda cha pili. Na pale kwenye cha pili, chini ya skrubu moja na kile kipande chekundu, ndipo ulipokuwa umebanwa mweusi wangu, unaupeleka moto mbele kwenye swichi ya bafuni. Hauna uhusiano na nyutro. Aliyejenga aliishiwa roli la nyekundu akamalizia na alichokuwa nacho mkononi, wala hakuweka alama. Swichi iliyoshikwa na skrubu moja inacheza kila ukiibonyeza. Imecheza miaka mitatu, skrubu ya ndani ikalegea, waya ukachomoka wenyewe, kimyakimya, wiki mbili zilizopita. Korido na kibaraza vinapata moto kabla yake, ndiyo maana havikujali. Bafuni ndiko kulikozimika.

Na mimi kwa kumfuata mzee nilikuwa nimeufunga kwenye waya unaokwenda taa ya kibaraza. Kwa hiyo bafuni kulikuwa kunaomba ruhusa kibarazani. "Una bahati," fundi akasema. "Ungekuwa kweli nyutro kama mlivyosema, ungebonyeza kibaraza tu, shoti." Mzee wa bandarini alikuwa amesimama mlangoni, akakumbuka ana dawa ya kunywa.

Nikamuuliza kuhusu testa na ule mwekundu wa mbali. Akasema waya ulioachwa wazi ukilala kwenye bomba moja na nyaya zenye moto unaambukizwa kidogo bila kuguswa, na testa ni mbea, inaripoti hata fununu. Akaubana mweusi kwa nyekundu mwenzake, akauzungushia tepu nyekundu kichwani ili ajaye asije akafanya niliyoyafanya, kisha akachomoa mfukoni skrubu, akafunga. Ya pili! Ya miaka mitatu! Nilitaka kumpigia picha.

Kibaraza kikazimwa, bafuni kunawaka. Kikawashwa, bafuni kunawaka. Mama mkwe alijaribu mwenyewe mara nne, kila mara ananitazama mimi, siyo taa.

Kisha ikaonekana hakuna sukari ya chai. Jumapili, duka la ng'ambo limefungwa. Lililo wazi ni moja.

Mangi alikuwa anaandika kwenye daftari, hakuinua kichwa. Na wewe angalia balaa, yule mteja wa sukari ya robo naye yupo, sijui anaishi pale. Nikakohoa. "Mangi, habari za Jumapili. Ile taa imewaka."

"Imewaka yenyewe?"

"Imewaka."

Akaweka kalamu chini. Akainama chini ya kaunta, akatoa boksi mbili ninazozifahamu vizuri sana, kona zimechakaa kwa kwenda na kurudi, akazipanga mbele yangu moja baada ya nyingine. Tangu siku ile, akasema, hakuna mtu mtaa huu aliyekubali kuzinunua, wakiziona wanauliza kama hizo ndizo za Baba Zawadi. Akachukua moja, akaichomeka kwenye holda yake. Kweupe pee. Ya pili, pee.

"Elfu sita," akasema.

Nikatoa elfu sita. Sukari nikakopa.